Jiwe la Kona ya Tatu

Umeniuliza, Ezironi, tukiwa bado tunafagia kanisa,
kwa nini kila mkutano wa injili unaokoka
na kila msimu wa nyanya unarudi ulikotoka.
Mimi si mchungaji. Nafungua madirisha, nagonga kengele.
Lakini mlima Kitonga naujua kwa magoti.

Nilikuwa utingo wa Kikoti,
vitunguu vya Ruaha kwenda Mbeya, magunia mpaka mawinguni.
Kona ya tatu gari linakohoa,
linasimama kama mtu aliyesahau jambo,
halafu linaanza kulikumbuka bonde.
Hapo naruka na jiwe. Nyuma ya tairi, paa!
Lori linapumua. Tunainywesha rejeta maji.
Hatua tatu mbele, jiwe. Hatua mbili, jiwe.
Jiwe ni kitu chema, usidanganywe.

Siku moja hakungoja nitoe mkono.
Hesabu mwenyewe: hapa vitatu, viwili vilibaki Kitonga.
Alichungulia dirishani akasema, "Umemaliza?"
Na mshahara akaukata,
eti vitunguu vilioza nikiwa nimelazwa Ilula.

Basi nikapata jiwe jingine, hili la ndani.
Nalo lilinifaa, nisikufiche.
Nilipokuwa nateleza kwenda korongoni ndilo lililonizuia:
niliamka kila siku ili nimchukie Kikoti,
nikanawa, nikala, nikaoa.

Ila kuna kitu utingo hufundishwa kwa kupigiwa kelele.
Injini ikishaukamata mlima, dereva hasimami tena.
Tupa jiwe! Kimbia! Dandia!
Mwenye jiwe mikononi hashiki ngazi.
Miaka kumi na minane nilikimbia nyuma ya neema
nikimeza vumbi lake,
mzee wa kanisa, mtu wa mifungo, mwimba besi,
nimekumbatia jiwe kifuani kama mtoto mchanga,
nikimlaumu Mungu kwamba anaendesha kasi.

Nilimfuata Kikoti huko Mahenge. Nilivaa koti.
Maneno ya msamaha nilikuwa nayo, marefu, yenye miiba kidogo.
Akanitazama, macho yake yana ukungu,
akanisogezea kigoda, akauliza, "Vidole gani?"

Nilirudi kwa miguu mpaka kona ya tatu
nikakaa ukingoni, malori yakinipita.
Sikushinda. Watu husimama mbele wakashuhudia kwamba walishinda.
Mimi mikono ilichoka, ikafunguka.
Kuna asubuhi bado naikuta imejikunja
kwa umbo la kitu ambacho hakimo.

Nikuambie na hili, maana ndilo linaloniuma.
Nilipolitua sikutazama nimelitua wapi.
Jiwe likiachwa katikati ya lami
linangoja pikipiki ya usiku.
Hadithi ya vidole nilikwisha kumpa binti yangu Wende
angali mdogo, jioni, motoni, pamoja na chumvi yake;
leo wajukuu wa Kikoti hawasalimu,
akiwakuta bombani anageuza ndoo.
Mimi nimo ndani ya lori, yeye amejikwaa.
Kwa hiyo Jumamosi hii nashuka tena, naenda kwake,
tulisogeze mpaka mtaroni, akiniruhusu.

Lako silijui. Labda si chuki.
Labda ni kitu kizuri tu kilichokushika siku mbaya.

Saa moja hiyo. Njoo.
Kengele yetu ni rimu ya gari, unaiona, sijui gari la nani;
nyundo ile pale.
Mimi hupiga kwa vidole vitatu
na mlio unafika Mazombe.