Ngazi ya Tatu

Mimi kazi yangu kuandika, si kuamua.
Miaka kumi na minane nimekaa chini ya kiti cha jaji
katika mji wetu mdogo kisiwani Samar,
feni ikizunguka kwa kulalama,
vidole vyangu vikidaka maneno ya watu
kabla hayajaanguka sakafuni.

Kosa lililosomwa lilikuwa moja:
unyang'anyi na mauaji.
Moja, si mawili, alisisitiza mwendesha mashtaka.
Limeshonwa kwa kile kijineno "na"
ambacho sijaona wakili aliyewahi kukifumua.
Aliyebeba fedha na aliyebeba roho
wanapakuliwa sahani moja.

Fedha: peso elfu sita na mia nne,
na simu iliyopasuka kioo.
Roho: Purificacion Abueva, miaka sabini na mmoja,
mjane, mnunuzi wa mbata,
aliyeandika madeni ya watu kwa penseli
ili yasione haya kufutika.

Kisha yakaja yale yanayozidisha uzito,
moja baada ya jingine,
kama kidole cha mchuuzi juu ya mizani.

Usiku. Wakili akasimama:
taa ya duka ilikuwa inawaka, Mheshimiwa,
giza hawakulitafuta, walilikuta tu.
Jaji akaufuta usiku.
Nami nikaandika, saa nne asubuhi,
jasho likinitiririka mgongoni: usiku umeondolewa.

Nguvu. Wanaume wawili, Arnulfo na Jovencio Cabidog,
wapakia magunia bandarini,
juu ya mwanamke mwenye goti bovu.
Hilo halikubishaniwa.

Makazi. Hapo ndipo tulipotoka wote, jaji mbele,
tukaenda kuhesabu.
Chini duka, juu nyumba, katikati ngazi tisa za mbao.
Marehemu alikutwa ngazi ya saba.
Duka linaishia wapi?
Nyumba inaanzia wapi?
Wakili akasema ngazi ni njia, na njia haina mwenyewe.
Binti yake, Teofila, hakujibu.
Alionyesha kwa kidevu:
ngazi ya tatu, kandambili mbili za bluu,
zimewekwa sambamba, visigino ukutani.
Tangu usiku ule hakuna aliyezigusa.
Jaji alizitazama.
Kisha akainama, akafungua kamba za viatu vyake,
akapanda na soksi.

Alibaki Dionel Pacoli, miaka kumi na tisa,
mshika tochi, aliyekuwa nje muda wote.
Sheria ina swali moja kwa mtu wa nje:
ulijaribu kuzuia?
"Nilipiga mluzi."
Wa kuwaita watoke, au wa kuwaambia waache?
"Mluzi."
Mara ngapi?
"Moja."
Wakili wake akaomba aupige tena, kama siku ile.
Akalowesha midomo. Mara ya kwanza ikatoka pumzi tupu.
Ya pili ikatoka sauti
iliyoanza juu ikashuka, ikakatika,
na mbwa wa mlinzi wa mahakama akaja hadi mlangoni.

Mashine yangu haina herufi ya mluzi.
Niliuliza: Mheshimiwa, niandike vipi?
Akafikiri. "Andika, mshtakiwa anapiga mluzi."
Unaoshuka? Unaopanda?
"Anapiga mluzi, bibie. Nukta."

Kifungo cha maisha, wote watatu.
Nakala imekwenda Manila, kurasa mia mbili na kumi na mbili,
huko wataipima nukta yangu
majaji ambao hawakumwona yule mbwa.

Kielelezo D ni daftari la marehemu.
Nililibandika namba kwa mkono wangu.
Ukurasa wa kumi na moja, mstari wa nne, kwa penseli,
jina langu, mchele, peso mia tatu.
Hakuna aliyeniuliza.
Nami sikusema.