Safu ya Maoni

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu,
nateremka hadi kwenye chuma cha kipimo,
buti za marehemu mume wangu zikinipwaya,
kalamu nyuma ya sikio, daftari kwapani.
Malagarasi hauna haraka na mtu.
Unapita katikati ya mafunjo
kama mgeni asiyetaka kuwaamsha wenye nyumba.

Kazi yangu ni namba moja tu:
mita, nukta, tarakimu mbili.
Naipiga picha, naituma Uvinza,
Uvinza wanaituma Kigoma,
Kigoma wanaituma sijui wapi.
Safu ya mwisho imeandikwa MAONI.
Miaka tisa sijaigusa.
Mto ulipomeza njia ya ng'ombe
na choo cha shule,
niliandika tano nukta sitini.

Leo namba haikuonekana.
Kitu kilikuwa kimeikalia.

Nilidhani kipande cha kitenge
kilichoponyoka huko juu wanakofulia.
Kisha kitenge kikageuza shingo.

Mdiria. Ngumi ya mtoto imemzidi.
Mgongo buluu ya kufulia kabla haijakutana na maji,
kifua mawese ya leo leo,
mdomo mwekundu, mrefu kupita heshima,
kama aliuazima kwa ndege mkubwa na hajaurudisha.
Kishungi kikasimama, kikalala,
kikasimama.

"Baba," nikanong'ona, "naomba nisome."

Wapi.
Mbu wakanila wakashiba.
Maji yakaingia buti la kushoto, lile lenye tundu.
Sikumfukuza, na sijui kwa nini;
kwa kuku nina mkono mwepesi.

Halafu hakuwepo.
Sikumwona akiruka, niliona maji yakifumba mdomo.
Akatokea kwenye bua la funjo na kisamaki,
akakipiga kichwa mara mbili, tatu, akameza,
akaenda ng'ambo
ambako mimi sina kazi.

Mbili nukta thelathini na nne.
Nikaandika. Kisha mkono, wenyewe,
ukavuka mistari yote hadi pembeni:
*Ndege alikalia namba. Nilisubiri.*

Jioni Bwana Ntahondi akapiga simu kutoka ofisini.
"Mama Butoyi, naona maoni hapa.
Kipimo kimeharibika?"
Nikamwambia kipimo kizima.
Akanyamaza. Nikasikia feni yake ikizunguka,
mtu akiburuta kiti, mlango.

"Alikuwa," akauliza, sauti chini kidogo,
"wa rangi gani?"