Chumba cha Makoti

Usiniulize habari za muziki.
Mimi nilikaa nyuma ya kaunta, chumba cha makoti,
Sheffield, ng'ambo ya mto Don,
katika karakana iliyokuwa ikinoa visu
mpaka visu vikaanza kuletwa kutoka kwingine kwa bei ya kutupa.
Muziki niliusikia kwa miguu:
ulipanda sakafuni, ukatikisa viango,
mia tatu vya chuma, vikigongana kama meno ya mwenye homa.

Mwenye klabu ni Noreen Ollerenshaw,
binti wa mnoaji, mkata tiketi za basi.
Alikodi jengo kwa pauni arubaini kwa wiki
na ahadi ya kulipaka rangi, ambayo hakuitimiza.
Spika mbili za kuazima, friji ya marehemu shangazi,
choo kimoja, na jina ambalo kwa lugha yangu
nililiita Makali.

Wakasema ngoma ya watoto haikeshi.
Ilikesha. Ilikesha Ijumaa, ikakesha Jumamosi,
Jumapili tukafagia vikombe, hereni, jino moja la dhahabu
alilolianika dirishani mwezi mzima, mwenyewe asije.

Polisi walikuja na makaratasi. Akawapa chai.
Sheria za leseni alijifunza
kama mtu anavyojifunza njia ya chooni gizani,
kwa kugonga magoti.

Kisha akataka shamba.
"Watu elfu tano, chini ya mbingu," aliniambia,
akihesabu noti kwa kidole chenye mate,
"na wewe, Kheri, hema zima la makoti."
Nikamwambia, Noreen, ni Julai.
Akasema, "Ni Uingereza."

Mwaka wa kwanza, jua. Wa pili, jua na faida;
akanunua gari jekundu, akaanza kuvaa miwani ya jua ndani ya nyumba.
Mwaka wa tatu mvua ilibisha hodi Alhamisi
ikakaa kama mgeni,
na siku ya tatu majembe tukapewa sisi.
Jukwaa liliinama upande mmoja, kama mzee anayesinzia kanisani.
Jenereta likakohoa, likanyamaza,
na ndani ya kimya kile nikasikia
watu elfu tano wakipumua.

Hakuna aliyekufa.
Naliandika hilo peke yake kwa sababu hivyo ndivyo alivyolisema,
kila simu, siku kumi na moja, kabla ya salamu:
hakuna aliyekufa.

Deni, pauni laki moja na themanini elfu.
Aliuza gari. Akauza nyumba ya mnoaji.
Madijei akawalipa kidogo kidogo, miaka minne,
hata yule wa Detroit aliyemwambia sahau.
Mimi wiki sita hakunilipa.
Naliandika na hilo.
Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake,
na ngozi nyingine ilikuwa yangu.

Tamasha lilirudi, na uzio, na bima, na watu elfu arubaini,
kisha kampuni ya London ikalinunua,
vijana wa viatu vyeupe ambavyo havijawahi kuona tope.
Magazeti yakamwita malkia.
Wiki ile ile nikapata bahasha: mshahara wa wiki sita, na riba,
hesabu yake kwa penseli, imekosewa
pauni tatu, kwa faida yangu.
Sikuzirudisha.

Makali sasa ni nyumba za kupanga, zina vyungu vya maua madirishani.
Na masikio ya Noreen yamekwisha.
Jumanne huenda kwake. Tunakaa jikoni, hatusemi sana.
Mashine ya kufulia ikianza kukamua nguo
huinuka, huweka kiganja juu yake,
midomo ikihesabu.
"Anakwenda mbio mno huyu," husema.
"Watachoka kabla ya saa nane."