Nane kwa Nane

Kipande chenyewe hakizidi punje ya mchele.
Kimelala ndani ya nta tangu Jumatatu,
nami nimekikata wembamba
unaoushinda utando wa kitunguu.
Kisha rangi. Kisha kungoja.
Umeme wa Bugando ukayumba, nikaapa kimoyomoyo,
ukarudi.

Chini ya lenzi viini vimegeuka kahawia,
buni zilizosahaulika kikaangoni,
karibu vyote.
Maana yake seli hizi zina masikio.
Homoni inapita na damu, inabisha hodi,
nazo haziulizi nani mwenzangu;
zinaitika karibu, karibu,
na kila karibu inazaa seli nyingine.
Ile protini ya kwenye utando, yenyewe, kimya. Hasi.
Nikaandika: vipokezi vya estrojeni, nane kwa nane.
Chanya.

Sikupaswa kumwona mwenye titi.
Mimi ni wa vioo, namba, kalamu isiyofutika.
Lakini Kwandu Lushinge alikosea mlango,
harufu ya dagaa wa Mwaloni imemtangulia,
karatasi imekunjwa mara nne.
“Mwanangu, hapa wameandika chanya.
Mume wangu naye waliandika chanya, mwaka ule.
Tulimzika Magu, pamba haijavunwa.”

Miaka kumi nimelishika neno hilo
kama mtu anavyoshika kijiko.

Nikasema: mama, hii siyo ile.
Hii inasema uvimbe wako unasikia,
na anayesikia anaweza kuzuiwa.
Kuna kidonge, kila siku, miaka mitano.
Kinakwenda kuketi pale pale penye kiti cha homoni,
mgeni asiye na haya,
haongei, haondoki.
Homoni ikija, kiti kina mtu.
Sikusema utapona. Hilo halionekani kwenye kioo.

“Na hii nane?”
Kati ya nane.
Akacheka puani. Miaka ishirini yuko kwenye mizani,
anagombana na wachuuzi kwa robo kilo.
“Sijawahi kuona mzigo ukijaa
mwenye kuubeba akapongezwa.”

Nikamsogezea hadubini. Hairuhusiwi.
Akafumba jicho moja, akakosea, akafumba lingine.
Nje, bati za Igogo zilimeta juu ya mawe
na pande la ziwa lilikuwa halina rangi.
Alikaa hapo hadi shingo ikamwuma.

“Nilidhani ina meno,” akasema.

Kisha akauliza dirisha la dawa linafungwa saa ngapi.