Na Mkondo, Hufuata Nini?

Punta Arenas, mwezi wa Agosti. Manispaa
imefunga kamba kwenye nguzo za kona
watu washike wavukapo, upepo usije ukawabeba
pamoja na mikate yao.
Ercira Nahuelquín ameshika kwa mkono mmoja;
wa pili umebana kofia.

Ghalani ni nyuzi nne, hamna upepo.
Bomba la tope limelala mezani, limepasuliwa kwa urefu
kama mkate unaosubiri siagi:
mita kumi na mbili kutoka kusini ya Mlango wa Drake,
zilizovutwa usiku ule mpishi wa meli
alipotapika ndani ya sufuria yake mwenyewe.
Kijivu, kijani, kijivu tena.
Kila upana wa ukucha ni karne moja na ushei.

Anachekecha. Mamaye alichekecha unga kisiwani Chiloé
kwa mkono huohuo wa kushoto, akitupa makapi.
Yeye hatupi kitu. Anapima chembe:
laini, basi maji yalipita yakijikokota;
nene, maji yalikuwa na haraka,
yakafagia vumbi, yakaacha nzito zilale.

Sentimita ya mia nane na arobaini.
Dunia ilikuwa na joto siku hizo, barafu imerudi nyuma,
wala hapakuwa na mtu huku wa kulalamika.
Na hapa chembe ni nene. Nene mno.
Anaosha chekeche, anarudia.
Anarudia tena.
Mkondo ule mkuu, uzungukao kizio bila kugonga nchi kavu,
ulikuwa unakimbia; tena ulikuwa umehama,
umesogea kusini, unausugua ukingo wa barafu
kwa maji yasiyo baridi ya kutosha.

Husemwa maji hufuata mkondo.
Na mkondo, hufuata nini?
Upepo, anajibu Ercira bila kuinua macho.
Na upepo?
Anaandika namba kwa penseli,
anaikata,
anaiandika ileile.

Saa kumi na moja tunafunga. Nje kamba zinalia nguzoni.
Mvulana wa shule ameidaka moja kwa mikono miwili, anacheka,
viatu vyake vinagusa lami, vinaiacha, vinagusa.
Ercira anamtazama kitambo.
"Ule," anasema, "haukuwa na pa kushika."
Halafu ananiuliza kama duka la mikate bado liko wazi.