Kaa

Mashine hupasha, hupoza, hupasha, hupoza,
kila mzunguko ikizidisha mara mbili
uzi usioonekana, hadi uzi uwe kamba.
Virusi vikiwa vingi, vinajitangaza mapema.
Vikiwa vichache, mashine huchimba, huchimba.

Mimi Nyaketcho, mshika vijiti pale Malaba,
nimechokonoa pua za madereva hadi nikaacha kuhesabu.
Emuron namkumbuka kwa kicheko.
Nyuma yake tangi la petroli, na ubavuni
moto umechorwa kwa rangi nyekundu.
"Dada, mimi mzima. Jana nimebadili tairi mbili peke yangu."
Na sindano?
"Nangoja kwanza nione waliochomwa watakuwaje."

Kweli alikuwa mzima. Hana kikohozi, hana jasho.
Mzunguko wa kumi na sita tu, mstari ukaruka juu.
Mzima, na amejaa pomoni.
Tangu utotoni tuliambiwa palipo moshi pana moto.
Ule usiofuka
hakuna aliyetuonyesha unakaa wapi.

Mwaka uliofuata, Jumamosi, Tororo,
namsuka mama barazani.
Upande wa kushoto tayari, mistari sita,
pumzi yangu kisogoni kwake.
Simu: Mugoya wa maabara.
"Sampuli yako ya jana. Thelathini na nne."

Nikaachia nywele kama mtu aliyeshika chungu cha moto.
Sindano mbili nilizo nazo, kadi nimeifunga kwenye nailoni
kama hati ya shamba.
Sikuwa naumwa popote.
Asubuhi ile nilikula viazi vitamu vitatu.

Watu wawili si ushahidi, hilo nalijua.
Labda Emuron nilimkuta mwanzoni, mimi nikakutwa mwishoni.
Labda kijiti changu kiligusa juu juu.
Wahesabuji wa maelfu ndio wa kusikilizwa, nao wanasema kwa tahadhari:
chanjo mara nyingi hupunguza siku za kuambukiza,
mlango huusukuma,
lakini haupigi kufuli.

Mama ana pafu moja na nusu.
Nusu ya pili iliondoka na kifua kikuu, mimi nikiwa darasa la tatu.
Nikahamia stoo, kati ya magunia ya wimbi
na baiskeli ya marehemu baba.
Sahani anaisukuma kwa mpini wa jembe.

Usiku wa pili, nje ya mlango:
"Sasa hiyo sindano yako ilifanya nini?"
"Imepunguza kuni, mama. Moto hakuna. Ni kaa tu."
Kimya. Ungo unapepeta, unapepeta.
"Kaa," akasema, "ndilo lililoteketeza ghala la Othieno.
Mtoto alilibeba kwenye kigae, akawashie kwa jirani.
Halikuwa linatoa moshi."

"Lakini wewe nawe ulichanjwa."
"Mara mbili!" Nikasikia majivuno.
"Basi wewe ni nyasi mbichi, mama. Hazishiki upesi."
"Upesi."
Alilirudia neno lile kama anayeonja chumvi.
"Nyasi mbichi nazo huwa na siku yake ya kukauka.
Kaa ni kaa, Nyaketcho.
Nawe kaa. Kaa humo humo."

Nikakaa.
Shangazi Athieno alikuja na chanuo lake, amalizie kichwa.
Mama akamfukuza. Akafunga kitambaa,
akaenda nacho kisimani, akaenda nacho kanisani,
nusu amesukwa, nusu msitu,
akikaa benchi la mwisho karibu na dirisha.

Siku ya tisa Mugoya akapiga tena. Hasi.
Nikafungua mlango wa stoo. Jua likaniumiza macho.
Mama alikuwa tayari amekaa kwenye mkeka,
kitambaa mapajani, chanuo juu yake.
Hakusema pole, hakusema karibu.
Akanipa kisogo.