Pengo Ukutani

Dundee, chumba cha tatu, picha imeshushwa:
imeazimwa Toronto hadi Machi.
Ukutani umebaki mstatili wa kijani,
kijani cha zamani, kabla jua la huku,
jua la kubahatisha, halijailamba rangi.

Mlinzi Morag Petrie hakuhamishwa.
Analinda alama ya kilichoondoka,
funguo kiunoni, soksi mbili mbili.

Watu hupita. Mtoto mmoja akasimama,
pua karibu iguse:
"Nani kachora hii?"

Morag akatazama dirisha, mvua, mto Tay.
"Jua," akasema. "Miaka thelathini na minne.
Hata sahihi hakuweka."

Mtoto akarudi nyuma hatua mbili,
kama wafanyavyo wajuzi,
akainamisha kichwa.
"Hapa pembeni," akasema, "aliharakisha."